Ndiva, mbiru na mfuko wa mbolea

Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, mradi ambao unachota maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Wakazi wa miji ya Same na Mwanga walikuwa wameusubiri kwa miaka mingi, wakinunua maji kwa ndoo na kuyabeba kwa mikokoteni, na waliposhangilia walikuwa na kila haki ya kushangilia. Leo napenda niulize swali ambalo siku ya sherehe huwa haliulizwi. Maji hayo, kabla hayajafika bwawani, yamepita wapi? Na huko yalikopita, watu wameweka nini katika ardhi?

Nilipogusia jambo hili redioni wiki iliyopita, msikilizaji mmoja alinipigia simu na kuniuliza yeye mtu wa mjini, asiye na hata tuta moja la mchicha, mbolea ya wakulima wa milimani inamhusu nini. Ni swali la haki, na jibu lake ni refu kidogo, kwa sababu linaanzia karne nyingi kabla mfuko wa mbolea haujazaliwa. Linaanzia Ugweno.

Ugweno ni ile sehemu ya kaskazini ya milima ya Upare, jirani na Usangi, ambayo leo imo katika wilaya ya Mwanga. Zamani Mwanga na Same vilikuwa wilaya moja ya Pare, na makao yake yalikuwa Same. Wagweno wana lugha yao, Kigweno, ambayo iko karibu zaidi na Kichaga kuliko Kipare. Milima yao ina mvua, ina vijito na ina migomba. Chini yake, pande zote, kuna nyanda kavu. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa milima hiyo huteremka kuelekea ziwa Jipe, mpakani na Kenya. Ziwa hilo hupokea pia maji ya mto Lumi kutoka Kilimanjaro. Kutoka Jipe unatoka mto Ruvu, unaoizunguka milima kwa kaskazini na kwenda kuingia Nyumba ya Mungu, ambako hukutana na mto Kikuletwa. Kwa hiyo tone la maji linaloanguka kwenye shamba la Mgweno leo linaweza siku moja kufunguliwa bombani na mama wa mjini Mwanga. Msikilizaji wangu wa simu nadhani sasa ameanza kuelewa.

Wazee wa Ugweno walijua tangu zamani kwamba maji ya juu ni mali ya mtu wa chini pia. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya Wapare baada ya kuyakusanya masimulizi yao, ametueleza jinsi Ugweno ilivyokuwa dola yenye mpango. Kwanza walitangulia Washana, ukoo wa wahunzi, ambao chuma chao kilifika mpaka Uchagani. Kisha Wasuya wakiongozwa na Angovi wakauondoa uongozi wa Washana, na Mranga, mwanawe Angovi, akaijenga dola kwa mabaraza na kwa jando lililofanyika msituni. Misitu hiyo haikukatwa ovyo, kwa kuwa ilikuwa ya heshima, na mingi ya misitu ya heshima ya milima ile ilihifadhi chemchemi.

Katika milima hiyo ndipo kilipo chombo ambacho Wapare wote wanakijua kwa jina la ndiva. Kwa ambao hawajaiona, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe linalojengwa mahali ambapo mfereji unaweza kulijaza. Usiku huzibwa, maji yakakusanyika. Asubuhi kizibo huondolewa, maji yakateremka kwa nguvu hadi kwenye mashamba. Bila bwawa hilo kijito chembamba kingemezwa na udongo kabla hakijafika shamba la pili.

Lakini kujenga ndiva ni kazi ndogo ukilinganisha na kuitunza. Ndiva ilikuwa na ukoo wake wa waanzilishi, na ilikuwa na zamu zake. Fulani anamwagilia siku hii, fulani siku ile. Siku ya kufukua tope ilitangazwa, na asiyefika alitozwa. Mtu akifungua maji siku isiyo yake, wa chini yake alijua kabla ya saa sita mchana, kwa sababu mfereji wake ulikuwa mkavu. Hiyo, ndugu msomaji, ilikuwa hesabu. Haikuandikwa katika daftari, lakini ilikuwa hesabu kamili: nani kachukua, lini, na nani kabakiwa na nini. Na watu waliitii kwa sababu kila mmoja aliweza kuihakiki kwa macho yake mwenyewe.

Hata rutuba ilikuwa na mzunguko wake. Ng'ombe na mbuzi walifungwa nyumbani, majani wakakatiwa na kuletewa, na samadi yao ikarudishwa kwenye migomba na baadaye kwenye kahawa. Kilichotoka shambani, kwa sehemu kubwa, kilirudi shambani.

Kisha ikaja hesabu ya namna nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia utawala wa Kiingereza ulitaka fedha zaidi, na watawala wa kienyeji wa Upare wakaanzisha kodi mpya. Badala ya kila mwanamume kulipa kiwango kile kile, kila mmoja angekadiriwa kwa mali yake: mifugo yake, kahawa yake, mashamba yake. Kodi hiyo ikaitwa mbiru. Kwenye karatasi ilikuwa kodi ya haki, kwamba mwenye nacho atoe zaidi. Lakini wakulima walijiuliza maswali ambayo karatasi haikuyajibu. Nani anayekadiria? Kwa nini jirani yangu mwenye ng'ombe wengi kaandikiwa kidogo? Na fedha hizo zinakwenda wapi?

Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka milimani wakaenda kupiga kambi Same, kwenye makao ya wilaya. Hawakubeba silaha. Walikaa tu, wiki baada ya wiki, wakisema kodi wako tayari kulipa lakini si mbiru. Baadhi ya viongozi wao wakakamatwa na kupelekwa mbali na kwao. Upande wa Usangi wanawake nao wakajitokeza kudai kodi hiyo iondolewe na waume zao warudi nyumbani. Mwishowe serikali ililegeza kamba, ikarudi kwenye kodi ya kiwango kimoja.

Nimeileta habari ya mbiru kwa sababu maalumu. Watu wale wale waliokubali kuhesabiwa maji yao kwenye ndiva, walikataa kuhesabiwa mali yao na mkadiriaji. Hawakuwa wapinga hesabu. Walipinga hesabu ambayo matokeo yake hawakuyaona na ambayo mwisho wake ulikuwa ni kutozwa. Tafadhali liweke jambo hilo akilini, kwani tutalirudia.

Mwaka huo huo wa 1945, mbali kabisa na Same, daktari mmoja wa Marekani aitwaye Hunter Comly, katika jimbo la Iowa, alichapisha taarifa kuhusu watoto wachanga waliogeuka rangi kuwa bluu. Walikuwa wakinyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vya mashambani. Comly aligundua kwamba visima hivyo vilikuwa na naitreti nyingi. Naitreti ikiingia tumboni mwa mtoto mchanga hugeuka na kuizuia damu isibebe hewa ya oksijeni inavyopaswa. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa. Na hapa niwaambie akina mama wa mjini jambo moja muhimu: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Maji yakipungua sufuriani, naitreti inabaki pale pale, na kila kikombe kinakuwa nayo nyingi zaidi.

Naitreti inatoka wapi? Mimi diploma yangu ni ya uandishi wa habari, wala sikusomea kemia, lakini jambo lenyewe linaelezeka kwa lugha ya kawaida. Mmea unahitaji naitrojeni ili uwe na majani mabichi na mbegu zilizojaa. Naitrojeni imejaa hewani, ila mimea mingi haiwezi kuichukua huko. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha jinsi ya kuikamata kutoka hewani, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wakaanza kuitengeneza kiwandani. Hapo ndipo ulipozaliwa mfuko wa mbolea ya dukani. Mbolea hiyo, sawa na samadi na sawa na kinyesi cha binadamu, ikiwa ardhini hubadilishwa na vijidudu vya udongo ikawa naitreti. Mmea ukiwahi kuinywa, heri. Usipowahi, mvua inaipeleka chini, kwa sababu naitreti haishikamani na udongo. Inafuata maji yanakokwenda: kwenye chemchemi, kisimani, mtoni.

Nchini kwetu mbolea ya dukani ina historia yenye kupanda na kushuka. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza mwaka 1972 na kikasimamisha uzalishaji mwaka 1991. Ruzuku iliyokuwapo iliondolewa katika miaka ya 1990, wakati wa mageuzi ya uchumi, na wakulima wengi wakaacha kabisa kununua mbolea. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, wakakubaliana matumizi ya virutubisho yapande kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50. Kuanzia 2008 Tanzania ikawa na vocha za pembejeo, na tangu msimu wa 2022/23 kumekuwa na mpango wa ruzuku ambapo mkulima anaandikishwa, anapewa namba, na mbolea anayonunua kwa wakala inarekodiwa.

Wakati huo huo mashamba nayo yalibadilika. Baada ya mkataba wa kahawa wa kimataifa kuvunjika mwaka 1989, bei ya kahawa ilianguka, na wakulima wengi wa milima ya kaskazini wakageukia mazao yenye soko la haraka, kama mboga za kupeleka mjini. Nyanya inayolimwa mara kadhaa kwa mwaka hula mbolea kuliko mbuni uliotulia kivulini pamoja na migomba. Na walaji wa nyanya hiyo, msikilizaji wangu wa simu, ni wewe na mimi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mkulima wa Ugweno anaimwaga mbolea kupita kiasi. Kwa jumla mkulima wa Tanzania anatumia mbolea kidogo, na wengi wanavuna bila kurudisha chochote, hivyo ardhi yao inachoka mwaka hadi mwaka. Wala mbolea si mtuhumiwa pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu naitreti nyingi katika maji ya ardhini sehemu za Dodoma ulielekeza kidole kwenye majitaka ya binadamu. Choo cha shimo kilichochimbwa juu ya kisima kinaweza kufanya kazi ile ile ya mfuko wa urea. Ndiyo maana nasema tunahitaji hesabu. Bila hesabu tutamlaumu mkulima kwa kosa la choo, au tutamwacha bila mbolea kwa hofu isiyo na msingi.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23, kwa sababu urea ni asilimia 46 naitrojeni. Mfuko wa DAP una kilo 9. Kwa upande wa pili, gunia la mahindi la kilo 100 linaondoka shambani na naitrojeni ya takriban kilo moja na nusu. Sasa tuchukue ekari moja iliyowekwa mifuko miwili ya urea: zimeingia kilo 46. Mkulima akavuna magunia kumi: zimetoka kilo 15. Zimebaki kilo 31. Nyingine ziko kwenye mabua, nyingine zimebaki katika udongo, nyingine zimepaa hewani, na nyingine zimeteremka na maji. Mkulima huyu amepoteza fedha yake, na jirani yake wa chini amepata asichokiomba. Jirani mwingine hakuweka kitu, akavuna magunia matano; huyo amekopa kilo saba na nusu kutoka ardhini na hajui kwamba anadaiwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa mali ni mbili, ardhi na maji.

Wenzetu wa Uholanzi, nchi yenye ng'ombe na nguruwe wengi katika eneo dogo, walijaribu hesabu ya namna hii kwa nguvu ya sheria. Kuanzia mwaka 1998 mfugaji alitakiwa kuandika naitrojeni na fosfeti zote zilizoingia getini mwake na zote zilizotoka, na ziada ikipita kiwango alilipishwa. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliona haraka mahali fedha zao zilikokuwa zikivuja, na wengi wakapunguza mbolea. Lakini yalikuwapo malalamiko mengi pia, na mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mpango huo haukutimiza masharti ya Umoja wa Ulaya ya kuyalinda maji dhidi ya naitreti. Mwaka 2006 ukaondolewa na kuwekwa viwango vya moja kwa moja vya matumizi. Funzo ninaloliona mimi ni kwamba daftari linamsaidia mkulima kujiona, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya kuyapima maji yenyewe.

Turudi nyumbani. Sisi tayari tuna nusu mbili za hesabu hii, ila hazijakutanishwa. Nusu ya kwanza ni rekodi ya mbolea ya ruzuku, ambayo inajua namba ya mkulima na mifuko aliyonunua. Nusu ya pili ni vyombo vya maji. Bonde la Pangani lilikuwa la kwanza nchini kupata ofisi yake ya maji, mwaka 1991. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. RUWASA, iliyoanzishwa mwaka 2019, inasimamia maji ya vijijini pamoja na vyombo vya jamii. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa.

Ninachopendekeza ni kwamba nusu hizo zikutane kijijini. Jumla ya mifuko iliyoingia kijijini msimu huu isomwe kwenye mkutano wa kijiji, bila kutaja jina la mtu. Kando yake yasomwe matokeo ya kipimo cha naitreti cha chemchemi na visima vya kijiji hicho, kabla ya masika na baada ya masika. Kipimo chake ni rahisi kuliko vingi. Vipo hata vijikaratasi vinavyobadilika rangi, ambavyo mwalimu wa sayansi na wanafunzi wake wanaweza kuvitumia, na pakionekana dalili mbaya ndipo sampuli ipelekwe maabara. Bwana shamba awepo aeleze kwa nini mbolea ya kukuzia igawanywe mara mbili badala ya kumwagwa siku moja, na kwa nini isiwekwe mawingu makubwa yakiwa yametanda. Fundi wa maji awepo aeleze choo kikae wapi.

Na hapo ndipo somo la mbiru linapotuhusu. Tukiichukua rekodi ya mbolea tukaifanya fimbo, kwamba aliyenunua mifuko mingi aitwe mchafuzi na kutozwa faini, msimu ujao mkulima atanunua kwa jina la shemeji yake, na daftari litajaa uongo. Wapare waliwahi kutufundisha kwamba hesabu ya ukadiriaji inayofanywa na mgeni, kwa faida ya mgeni, watu wataikataa hata ikiwa na nia njema kwenye karatasi. Tukiifanya kama zamu ya ndiva, ambapo anayehesabiwa ndiye anayehakiki na ndiye anayekunywa, sioni sababu ya mtu kuikwepa.

Sisi wa mjini tuna sehemu yetu pia. Mamlaka ya maji inayotutumia ankara kila mwezi inapaswa kutuambia, angalau mara mbili kwa mwaka, maji tuliyolipia yalipimwa nini na kikaonekana nini, pamoja na naitreti, kwa tarakimu na si kwa maneno ya kututuliza. Tuna haki ya kuuliza, na tusipouliza tusishangae tusipoambiwa. Na sehemu ya fedha tunazolipa ingefaa irudi milimani, ikalipie vipimo vya chemchemi. Mtu wa chini alishiriki kufukua tope la ndiva pamoja na mtu wa juu, kwa kuwa wote walikunywa humo. Mji wa Mwanga na mji wa Same sasa ni watu wa chini wa ndiva kubwa iitwayo Nyumba ya Mungu. Zamu yetu ya kufukua tope imefika.